Mujukuu wangu aliniandika incike, nami nikaenda kumuzika

Nyinyi wasichana wa shule mnaoingia kwa wazee na chumvi mkono mmoja na telefone mkono wa pili, mulifundishwa adabu na nani? Mnapiga foto kabla ya kumuuliza mutu jina lake. Mkitoka pale mnaandika maisha yake kama vile muliyaishi. Na nyinyi masista munaowatuma, hicho wanachoandika munakisoma, ao munatazama tu kama foto imetoka vizuri? Nimeanza na nyinyi kusudi. Sasa zamu yangu, maana kosa langu limepita lenu.

Wewe mwenye ukurasa huu wa mashauri, ficha jina langu, lakini maneno yangu usiyanyooshe.

Niko na miaka sitini na tisa, mujane, naishi Gatete karibu na ziwa. Mafuta ya mawese nakamua mwenyewe na sijawahi kuomba mutu hata kiberiti. Kusoma najua kwa kidole, herufi moja moja, kama tulivyofundishwa parokiani. Nilizaa watoto wanne, wote wamekufa, wawili niliwaacha kwenye makaburi ya kambi kule Tanzania tulikokimbilia. Wa mwisho aliniachia mutoto wa kike anayenyonya. Huyo nilirudi naye Burundi mugongoni. Leo iko na miaka kumi na saba, anasoma interna, analala huko huko kwa masista, na ni mumoja wa wale wanaoandika jurinali, gazeti la shule. Sina mwingine.

Kwenye shule yao iko klabu ya huruma, wanatembelea maskini. Mujukuu wangu alipokuja likizo ndogo akaniambia, "Bibi, wenzangu watakuja kukuona. Usiseme mimi ni wako, watasema nimejipendelea."

Nikamuuliza, "Tangu lini mimi ni maskini wa kutembelewa?"

"Tangu mugongo wako uanze kulia kama mulango."

Tukacheka wote wawili. Nikakubali kunyamaza. Hapo nilikosa.

Wakaja wasichana sita, yeye hakuwamo. Wakaleta sabuni, chumvi, na matela mupya, godoro la kulalia. Mumoja akaniuliza, "Uko na watoto, mukecuru?" Nikasema ukweli, "Wanne, na wote wako kwa Mungu." Wakaandika, wakapiga foto, wakaimba, wakaenda. Mimi niliyezoea mukeka, usiku ule nililala kama bibi harusi. Niseme haki.

Jumapili moja wakagawa jurinali kwenye mulango wa kanisa. Nikaona uso wangu, nikafurahi, nikakaa kwenye ngazi nikaanza kusoma. Imeandikwa mimi ni incike. Nyinyi musiojua Kirundi, incike ni mutu ambaye uzao wake wote umekwisha, hakuna hata kidole kimoja kilichobaki duniani kumuita mama ao bibi. Ni neno zito, halitamkwi ovyo. Nikashuka mpaka chini kuona nani kaniandika hivyo. Jina la mujukuu wangu.

Sasa nyinyi mufikiri. Kama mimi ni incike, yeye aliyeandika ni nani? Si amejiandika maiti?

Hasira ilinishika. Siku ya kutembelea wanafunzi nikafunga ile matela kwa kamba, nikaiweka kichwani, nikaenda nayo kwa miguu kutoka Gatete mpaka shuleni, watu wa barabarani wakiniuliza kama nahama. Nikaitupa pale wanapopokea wageni.

Sista direktrisi, mukubwa wa shule, akatoka. "Amahoro, mama. Kuna nini?"

"Nimekuja kuzika."

"Kuzika nani?"

Nikataja jina. Akasema, "Huyo iko muzima, iko darasani."

"Jurinali yenu inasema mimi ni incike. Incike hana mujukuu. Nipeni maiti yangu niende."

Wasichana wakajaa kwenye madirisha. Mumoja akasema, "Kumbe incike iko na mudomo." Wakacheka. Mujukuu wangu akasukumwa mbele yangu. Akasema polepole, "Bibi, matela ilikuwa ya incike peke yao. Ningeandika uko na mutu, wangempa mwingine. Mugongo wako ningeufanyia nini?"

Pale ndipo ningemushika mukono. Mimi, na kiburi changu hiki, nikamuambia mbele ya watu wote, "Wewe sikujui. Mutoto wangu alishakufa." Nikageuka nikaenda.

Vakanse, likizo kubwa, ilipofika sikumuona. Nikasema basi imechelewa, nikasema atakuja kesho. Juma moja likapita. Nikarudi kwa sista, akaniambia aliondoka na mwenzake kwenda kwao Bugarama. Telefone yake haipatikani. Nikapata namba ya baba wa huyo mwenzake, nikamuomba anipe mutoto niseme naye. Nikasikia anamuita. Kisha akarudi kwenye simu na aibu: "Mama, unisamehe. Anasema tukuambie maiti hairudi nyumbani."

Tangu hapo chakula hakishuki. Jirani yangu, mwanamuke mwenye umri kama wangu, hakunipa pole. Alisema, "Kifo hakiitwi kwa jina la mutu muzima." Najua. Nimezika wanne bila kuita, na huyu wa mwisho nimemuita mwenyewe, mbele ya watu. Kila pikipiki ikisimama njiani nafikiri wameniletea habari.

Nishaurini, nyinyi muliosoma kunipita. Mukubwa anapiga magoti mbele ya mutoto, tena katika nyumba ya watu? Niende Bugarama, ao nikienda atakimbia mbali zaidi? Neno kama lile linarudishwaje mudomoni?

Na wewe, mutoto wangu, najua unasoma hapa, ni wewe uliuweka huu ukurasa kwenye telefone yangu. Sikuombi urudi leo. Kasirika mpaka uchoke. Lakini hapa chini, mbele ya hawa watu wote, andika neno moja: niko.