Bastola ya Siri, Mishomoroni Nzima

Nyinyi mliomaliza shule mtabisha, lakini bisheni mkishasoma. Jumamosi, kwa fundi wa viatu Mishomoroni, alikuja mfanyabiashara mwenye kibali cha bastola. Alichagua ndogo makusudi, majambazi wasijue anayo wakaja kumvizia waipore. Sasa alitaka ala ya ngozi ya kuivaa kiunoni, ndani ya shati.

Fundi alipomfunga ala yenye bastola, akamwuliza mama muuza samaki wa jirani, "Yaonekana?"

"Yaonekana sana. Hebu geuka, baba. Inama."

"Polepole, mama! Haina risasi, lakini ni siri," mwenye bastola akanong'ona.

Siri! Muuza maji akasimamisha mkokoteni, wacheza bao wakaacha bao.

"Vuta shati!"

"Isukume nyuma!"

"Wallahi, kitambi ndicho kinachomsaliti!"

Mwishowe mama akapiga makofi. "Hapo sawa! Sasa hajui mtu."

"Nani asiyejua?" jamaa akafoka, jasho likimtiririka. "Labda watu wa Utange!"

Serikali ilimruhusu kuificha, sisi tukakataa.

Ila kuna kipande nimekiruka. Utange nako walijua. Niliwapigia simu mimi, nikiwa chini ya meza ya fundi, nilikojitupa kwa hofu jamaa alipoambiwa ainame.