Kiraka Chini ya Kitanga

Wewe ungethubutu kumpima uaminifu mwanamke aliyekulea? Bwana Gramu hakuthubutu, na mtaa mzima ukalipia adabu yake.

Jina hilo alibandikwa na wauza nyama, maana mkaguzi huyu wa vipimo hakuwa na mzaha. Mizani ikidanganya gramu kumi, anaing'oa. "Huyo hata uji wa mamake angeupima kwanza," walimteta. Lakini kwa shangazi aliyemlea, muuza sukari na unga, aliingia kwa shikamoo, akapiga lakiri ya serikali kwenye mizani, akaaga. Miaka mitatu mfululizo sanduku lake la mawe ya kupimia halikufunguliwa pale. Aliona ni kumvunjia heshima mbele ya wateja.

Jumanne moja mkuu wake akamtupia karatasi. Mwalimu mstaafu alinunua kilo ya sukari dukani humo, akaipima tena buchani, ikapungua.

"Nenda wewe. Lakiri ni yako."

Safari hii alifungua sanduku. Jiwe la kilo huku, la kilo kule. Kitanga cha kuwekea bidhaa kikazama. Akakipindua: chini palichomelewa kiraka cha bati, tayari kimeota kutu.

"Hicho cha zamani," shangazi alisema. "Kitanga kilitoboka, fundi akakiziba, hata kazi yako hujaianza. Kina nini, baba?"

"Kinawala watu gramu themanini kila ukipima."

"Si ulipiga lakiri? Nikajua iko sawa."

Bwana Gramu akaitazama lakiri yake. Sheria ya kumlinda mnunuzi ina meno. Yeye ndiye aliyeyang'oa, akamkirimia shangazi yake. Wajane, vibarua, wote walipunjwa chini ya nembo ya serikali, na aliyewapunja ni heshima yake yeye.

Akaibeba mizani. Ofisini alijaza fomu yote, isipokuwa mstari mmoja: *Ilipimwa mara ya mwisho lini?* Kalamu ikagoma. Akiandika kweli, kazi hana. Akaikunja fomu, akaitia mfukoni.

Asubuhi yake alikuta foleni mbele ya duka. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na gunia la sukari, akimchotea kila mteja kopo zima, bure.

"Nisameheni majirani. Kiraka nilikitia mimi, mwezi uliopita tu. Mwanangu alipima vizuri."

"Hapo sawa," mwalimu alisema, akikinga mfuko wake. "Nilishaanza kumtilia shaka kijana wa watu."

Tangu utotoni Bwana Gramu hakuwahi kumsikia shangazi akisema uongo. Mama yule alimwona, akamfanyia ishara kwa kidevu: nenda zako.

Hakwenda. Alipita kando ya foleni, akaikunjua fomu juu ya meza ya duka, mbele ya macho ya mwalimu, akaandika kwa herufi kubwa: HAIJAWAHI KUPIMWA.

Mwalimu akavaa miwani, akasoma. Kopo likabaki hewani mkononi mwa shangazi, sukari ikimwagika.