Nilimwaibisha Mzee Leung Juu ya Barafu

Kosa lilikuwa langu, na sitalipunguza hata kidogo. Lakini ili msomaji anihukumu kwa haki, sharti kwanza ajue hali ilivyokuwa kabla sijafungua mdomo wangu.

Ilikuwa katika ile miaka ya elfu mbili ambapo mji wa Guangzhou, kusini mwa China, ulikuwa ukibomolewa na kujengwa upya kwa pumzi moja. Ukisafiri mwezi mmoja, ukirudi ulikuta duka la ghorofa saba mahali ulipoacha karakana. Waswahili hatukuwa haba: wafanyabiashara waliokuja kubeba nguo za masoko ya jumla ya Shahe na Shisanhang, na sisi wanafunzi tulioletwa na ufadhili. Mimi nilikuwa nikiandika tasnifu ya uzamivu kuhusu hati za kale za sheria za Kichina. Kabla ya hapo nilikuwa nimesomeshwa sarufi ya Kiarabu na masheikh wasiosamehe irabu moja. Sisemi haya kwa kujisifu. Ndiyo maradhi yenyewe.

Wengi wetu tulilishwa na mtu mmoja. Mama Asha, mwanamke wa Mombasa, alikuja kununua nguo za watoto, akaishia kupika wali wa nazi na samaki wa kupaka katika chumba chake cha ghorofa ya tano. Majirani wakalalamika: moshi, harufu, wageni wanaopanda na kushuka ngazi. Mwenye nyumba akampa hadi mwisho wa mwezi. Ama jiko liondoke, ama aondoke nalo.

Tumaini lake lilibaki kwa Mzee Leung, mwenyekiti wa kamati ya wakazi. Chini ya jengo palikuwa na chumba kitupu kinachotazama uchochoro, na muhuri wa mzee ungetosha kumpa Mama Asha chumba hicho. Mzee alitaka kumsaidia, ila hakupenda kuwalazimisha majirani.

"Tuna mashindano ya kuvua samaki," alimwambia, polepole, kwa Kichina chepesi ambacho mtu wa sokoni angekielewa. "Leta watu wako. Majirani wawaone mkicheka, wawaone mkishindwa. Wakishawazoea, nitapiga muhuri, na hakuna atakayenung'unika."

Na mashindano yenyewe! Kuvua samaki kwenye barafu, katika mji usioijua theluji! Duka jipya la mtaani lilikuwa limefungua ukumbi wa baridi. Wakajenga bwawa, wakalifunika kwa mabamba ya barafu, wakatoboa matundu, kisha asubuhi lori likaleta samaki wa kufugwa, wanene na wavivu, waliokwishakata tamaa ya maisha. Ukutani walichora milima myeupe na dubu. Dubu! Sote tulikodishiwa makoti mekundu yaliyonuka jasho la waliotutangulia.

"Prof, funga koti, utakufa baridi," alisema Njoroge, mfanyabiashara wa Nairobi, wa tatu katika timu yetu. "Ama hiyo PhD iko na hita?"

"Hii ni baridi ya mashine," nilimjibu. "Watu wazima wamepanga foleni kuwavua samaki ambao jana walikuwa sokoni."

"Na wewe si umepanga nao?"

Mama Asha akacheka. "Mwache mwanangu. Leo yeye ndiye macho yetu. Hebu tusomee hizo kanuni, baba, tusije tukaharibu mambo ya watu."

Nikazisoma. Zilikuwa kumi, zimebandikwa ukutani, zimeandikwa ovyo. Ya saba ilisema kwamba samaki akishavuliwa hahamishwi kutoka ndoo moja hadi nyingine. Akihamishwa, timu zote mbili zitatolewa.

Tulivua kwa muda wa saa nzima. Tulipata samaki mmoja, mwembamba, ambaye nadhani alijikwaa kwenye ndoana. Njoroge alinasa kwa ndoana glavu yake mwenyewe mara mbili. Wenyeji walicheka hadi wakashika mbavu, naye akawainamia kama mwigizaji jukwaani. Yule mwanamke wa ghorofa ya nne, aliyeongoza malalamiko dhidi ya jiko, alikuja kumpa Mama Asha chambo chake na kumwonyesha jinsi ya kuutikisa mshipi. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri kabisa, nami sikuona lolote! Nilikuwa nikitunga kichwani maneno ya kumkejeli dubu.

Karibu na kipenga cha mwisho niligeuka, nikamwona Mzee Leung ameinama juu ya ndoo yetu, mkono umezama hadi kiwiko.

Nikasimama. "Mwamuzi!" nikaita kwa Kichina kilichonyooka. "Mzee huyu anatuibia samaki!"

Mama Asha akanivuta koti. "Nyamaza, mwanangu. Nakuomba, nyamaza."

Nilidhani anaogopa. Ndivyo nilivyomdharau hata yeye!

Mwamuzi, mwanamke wa makamo mwenye kipaza sauti, akaja akachungulia ndooni. Ndani mlikuwa na samaki watatu. Sisi tulikuwa tumevua mmoja.

Ndipo hata mimi nikaelewa. Mzee alikuwa amewatia samaki wawili wa timu yake katika ndoo ya wageni, asipende watu wa jengo lake watuone tukiondoka na kisamaki kile kimoja. Wenyeji walikuwa wamemwona, nao wakatazama pembeni, kama watu wenye adabu wanavyojua kutazama pembeni. Mama Asha pia alikuwa amemwona, akamwinamishia kichwa kwa shukrani. Mjinga ukumbini alikuwa mmoja tu, na ndiye aliyekuwa akisoma kanuni.

Mwamuzi alijaribu kuniokoa. Alicheka, akasema, "Labda mzee alitaka tu kuona ukubwa wa samaki wenu?" Mzee akaitikia kwa kichwa. Nilichotakiwa kusema ni neno moja tu: ndiyo.

Sikulisema! Dhambi yangu iko hapa, wala si pale mwanzo. Macho hukosea, na kosa la macho husameheka. Lakini nilisimama mbele ya jengo zima nikiwa mpumbavu, na sikuweza kuvumilia kuonekana mpumbavu na watu niliokuwa nikiwacheka moyoni tangu asubuhi. Nikanyoosha kidole ukutani.

"Kama hakuiba, basi amehamisha," nikasema. "Kanuni ya saba iko wazi."

Kisha nikaisoma, neno kwa neno, kwa matamshi ambayo mwalimu wangu angeyasifu.

Mwamuzi hakuwa na budi. Alitangaza kwa sauti ya chini: timu ya Mzee Leung imetolewa, timu ya wageni imetolewa. Mzee alivua koti lake jekundu, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti, akatoka. Mwanamke wa ghorofa ya nne akaja kuchukua chambo chake.

Nje Njoroge alisimama mbele yangu. "Prof, ulikuwa unatetea nani?"

"Sheria," nikasema.

"Sheria ndiyo imekuwa ikikupikia?"

Nikamgeukia Mama Asha. "Ulimwona akiwatia, mama?"

"Nilimwona."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuvuta koti, mwanangu. Nikuvute nini tena?"

Siku ya tatu nilimpelekea Mzee Leung machungwa na maneno ya toba niliyoyaandaa kwa makini. Aliyapokea machungwa kwa mikono miwili. "Si kitu, si kitu," akasema, akatabasamu, akafunga mlango taratibu. Hakuwa na kinyongo. Ningefurahi angekuwa nacho. Ila angewezaje tena kusimama mbele ya majirani na kuwadhamini wageni waliomlipa fadhila yake kwa kumwita mwizi?

Wewe unayesoma haya, hasa wewe uliyebeba vyeti vingi kuliko akili: ukimwona mwenyeji wako akivunja kanuni, jiulize kwanza anaivunja kwa faida ya nani. Na ukigundua kwamba umekosea, ukubali ujinga wako palepale, mbele ya haohao. Usijifiche nyuma ya sheria, maana sheria itakusitiri wewe na kumwacha mwenzako nje. Aibu yangu ingekwisha kabla ya chakula cha jioni. Niliikwepa, na gharama akaibeba mtu ambaye hakuwa amekosa lolote.

Mzee Leung hakupiga muhuri. Mwisho wa mwezi Mama Asha alifunga jiko, akawagawia wafanyabiashara wa Kongo waliokuwa wakila kwake sufuria zake, akarudi Mombasa. Kile chumba cha chini kamati ilikifanya stoo ya baiskeli.