Gari Lililoundwa Uani

Juzi nilipita mtaa wa Olaya nikaona gari dogo la wazi limesimama penye taa, nikaikumbuka alasiri moja ya utotoni. Baba alikuwa ameunda gari kama hilo mwenyewe uani kwetu, kwa vipuri alivyookota kwenye majalala ya magari ya Al-Sulay miezi na miezi. Kwenye ukaguzi wa kwanza wa magari walilikataa kwa sababu ya breki. Wakilikataa tena, Baba alisema, atalikatakata lote.

Alilala chini karibu na gurudumu, Mama akaketi kwenye usukani.

"Kanyaga," Baba alisema. "Shikilia hapo hapo. Haya, achia."

Viputo vilipita kwenye mpira mwembamba wa mafuta ya breki, na ua mzima ulinuka rangi mbichi. Sasa najua walikuwa wakitoa hewa kwenye breki. Lakini Baba aliuita ukaguzi mtihani, nami nilidhani gari litaulizwa maswali kama sisi darasani. Nikaliinamia, nikalifundisha majina ya siku zote saba.

Tulifika kituo cha ukaguzi kabla hakijafungwa. Mkaguzi alilipandisha gari kwenye mashine, akakanyaga breki, akasoma kioo cha mashine. Kisha akamgeukia Baba.

"Hili limetengenezwa nchi gani?"

"Limetengenezwa uani kwangu, sheikh."

Mkaguzi alicheka, akabandika stika ya kupita. Baba aliigusa stika kwa kidole. Mama ndiye aliyepiga vigelegele mbele ya madereva wote waliopanga foleni, nao wakamjibu kwa honi.