Siku Niliyosema Mama ni Mtoto Wangu

Mdomo wangu nusura unitenganishe na mama yangu, na hadi leo nikikumbuka naona aibu, kisha nacheka.

Ilikuwa wakati jimbo la Katanga limejitenga na nchi nzima. Sisi watu wa Kasai, jimbo jingine, tulikuwa tunanyooshewa vidole kila mtaa wa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, na baba alikuwa ametangulia kukimbilia Ndola, ng'ambo ya mpaka. Tukamfuata kwa treni, mama na mimi, msichana wa miaka sita. Sakania, mpakani, askari akachukua karatasi zetu za safari. Jina la mama lake, langu lingine kabisa.

"Huyu mutoto iko wa nani?"

"Iko wangu," mama akajibu. "Kwetu kila muntu na jina yake. Huyu nilimupa ya mama yangu."

Askari hakuridhika. Akaniinamia. "Huyu mama iko nani kwako?"

Sasa, kwetu ukipewa jina la mtu unapewa na heshima yake. Tangu nizaliwe mama aliniita Mama, nami nilimwita mtoto wangu, nyumba nzima ikifurahi. Basi nikajibu bila wasiwasi: "Iko mutoto yangu."

Loo! Askari alikunja uso, akaona tunamfanyia mzaha. Mama arudi mjini, akasema, mimi nibaki kituoni mpaka mwenye mtoto apatikane. Akanishika mkono. Nikaanza kulia.

Mwingine angepiga magoti. Mama yangu, mwanamke mfupi asiyejua kusoma, alinishika mkono wa pili akauliza kwa upole, kama anamjulia hali jirani: "Na weye, kijana yangu, jina yako ulipewa ya nani?"

"Ya nkambo yangu, baba ya mama."

"Na mama yako anakuita nani?"

Kijana mzima na bunduki yake akatazama viatu. "Ananiita Baba," akasema, na akaniachia mkono.

Akagonga mihuri. Akanirudishia mimi karatasi, si mama: "Muende muzuri, Mama."

Nimeona mawakili wengi tangu siku ile. Wa kumfikia mama yangu bado sijamwona.

Ndani ya treni alikaa wima mpaka stesheni ikapotea. Ndipo akalaza kichwa mapajani pangu. "Mama," akasema, "niliogopa."

"Nyamaza, mutoto yangu," nikamwambia, nikimfuta machozi kwa gauni langu.