Majina Tuliyoyapaza Kwenye Matete

Nilipokuwa mtoto, kabla ya Uhuru, njia ya kwenda shule ya misheni ilipita katikati ya matete ya ziwa, na hakuna mtoto wa kijiji chetu aliyethubutu kuipita kimya. Aliyetufundisha hivyo ni nyanya yangu, Dorsila Awuor. Alisema ndani ya matete wanakaa watu waliozama wasipatikane kuzikwa. Wamekaa majini hata wamesahau majina yao, na mtu akipita bila kujitaja humdhania mwenzao, wakamwita, naye akawafuata. Kwa hiyo kila mmoja wetu alipofika penye kona alipaza jina lake, la baba yake na la babu yake, akarudia mpaka atokee upande wa pili.

“Elijah Odhiambo, mwana wa Ogutu, mjukuu wa Oloo!”

“Sauti ya kifaranga hiyo!” binamu yangu Okelo alinicheka. “Watadhani ni chakula.”

Asubuhi moja nilipita kimya, kwa kiburi cha mtu aliyekwisha kubatizwa. Okelo alinisemea. Nyanya hakunipiga. Alisema tu, “Odhiambo, mimi sijui kusoma. Lakini pale utapiga kelele.” Sikupita kimya tena, ingawa sina hakika kama niliamini.

Nilisomea ualimu, nikafundisha mbali, na katika miaka ya themanini nikarudishwa nyumbani kuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyojengwa kando ya njia ile ile. Watoto walikuwa bado wanapaza majina. Niliwasikia alfajiri nikinyoa ndevu, na nakiri kwamba nilipenda kuwasikia. Kisha akaja mkaguzi wa shule, akalala kwangu ili aanze kazi mapema. Sauti zile zilipomfikia aliweka kikombe cha chai mezani.

“Bwana Mkuu, hawa ni wanafunzi ama ni wauza samaki wa omena sokoni?”

Nilimweleza. Alicheka mpaka akafuta machozi.

“Na elimu yako yote hiyo unawaacha tu?”

Nilicheka pamoja naye. Siku hiyo hiyo, watoto walipopanga mistari mbele ya bendera, nilitangaza kwamba kelele za njiani zimekwisha. Msichana wa darasa la tano, Mildred Akoth, alinyoosha mkono.

“Mwalimu, na wale wa kwa matete?”

“Hakuna mtu huko, Mildred. Mtoto wa shule hutembea kwa adabu.”

“Ndiyo, mwalimu.”

Walitii wote. Kwa wiki mbili alfajiri ilikuwa kimya, nami nikajiona nimefanya kazi nzuri.

Katika wiki ya tatu, kiboko aliyekuwa ameingia mashamba ya mahindi usiku alichelewa kurudi ziwani. Hakusikia mtu anakuja, na watoto hawakumwona mpaka walipokuwa kati yake na maji. Mildred alikuwa mbele, amemshika mkono mdogo wake Felix, wa darasa la kwanza. Alimsukuma Felix ndani ya matete. Kiboko alimpata yeye, kwenye paja.

Tulimbeba juu ya mlango tuliong'oa darasani, na mchuuzi mmoja wa samaki akatupeleka Kisumu kwa pikapu yake. Nilikaa kwenye benchi la hospitali na mama yake, Consolata Auma, siku nzima, bila kujua kama mtoto ataishi. Hapo ndipo nilipomfikiria nyanya. Aliishi ufuoni maisha yake yote na viboko aliwajua vizuri. Lakini mtoto ukimwambia kuna kiboko, ataenda kuchungulia. Mwambie kuna waliozama, atapiga kelele kwa roho yake yote. Sijui kama nyanya alilipanga hivyo, au naye alifundishwa na nyanya yake na kuamini kila neno. Sikuwahi kumwuliza, na alikuwa amekwisha kufa.

Jioni mama yake Mildred alifungua mdomo.

“Felix alitaka kupaza jina lake penye kona, mwalimu. Mildred akamziba mdomo. Akamwambia, mwalimu amekataa.”

Hakusema kwa kunilaumu. Alikuwa ananipa habari za mtoto wake, kama mzazi yeyote anavyompa mwalimu.

Mildred aliishi. Alirudi shuleni mwaka uliofuata, mguu mmoja ukiburuta. Wakati huo nilikuwa nimekwisha kuwaambia wazazi mkutanoni kwamba amri ilikuwa yangu, si ya shule. Watoto walikuwa wanapaza majina tena, matete yamefyekwa pande zote mbili za njia, nami nikitembea mbele yao kila alfajiri. Niliendelea hivyo mpaka nilipostaafu katika miaka ya tisini. Hakuna hata moja kati ya hayo lililonyoosha mguu wake.

Siku hizi tukikutana sokoni husimama, hunisalimia kwa mikono miwili, huniuliza hali ya mke wangu. Hajawahi kuitaja asubuhi ile. Nami humtazama akienda zake polepole na kikapu, nikikumbuka kwamba katika kila ripoti yake niliyotia sahihi kabla ya siku ile, mbele ya neno tabia, niliandika kwa mkono wangu: mtiifu sana. Baada ya siku ile sikuliandika tena neno hilo kwa mtoto yeyote.