Siku Maisha ya Mwakio Yalipopimwa

Niliondoka Voi kwa sababu ya mdogo wangu Mwakio. Alinipigia simu kunieleza kwamba katika karakana ya useremala anakokwenda kila siku ya kazi, yeye na wenzake wanaotibiwa maradhi ya akili, watapimwa.

"Si damu," akasema. "Wanapima vile unaishi. Ukipatikana unaishi vizuri, unaachia mwingine nafasi."

Nilijua kuwa bila karakana ile angejifungia chumbani kutwa, kisha wodi ingefuata, kama zamani. Nikafunga mkoba.

Asubuhi nilishuka katikati ya Nairobi, nikapita mtaa wa maduka ya Wahindi. Pale nilipopimia watu vitambaa ujanani, sasa wanauza simu. Nilisimama mlangoni kidogo, nikitafuta harufu ya marekani mpya, kisha nikajikumbusha kilichonileta.

Woodley, iliko karakana, nilifika kabla ya adhuhuri. Mwakio alikuwa anapiga randa mguu wa stuli.

"Sasa mzee," akasema. "Umezeeka, ama ni vumbi ya basi?"

Mpimaji alikuwa mwanamke kijana, Bi Shirin, mzaliwa wa Ngara. Alikuwa akimhoji kila mtu nyumbani kwake, na siku ile ilikuwa zamu ya Mwakio. Akatupakia garini mwake.

Kangemi, alasiri. Chumba cha Mwakio kilitosha kitanda, jiko na stuli moja, ambayo Mwakio alimpa mgeni. Maswali yakaanza.

"Usingizi wako ukoje?"

"Mzuri."

"Na majirani?"

"Wazuri sana."

"Umeridhika na maisha yako?"

"Tunashukuru Mungu."

Kila jibu lilikuwa linamsukuma nje ya karakana. Nikashindwa kuvumilia. "Mwakio, sema ukweli."

"Mgeni hata hajapoa, nimmwagie shida zangu?"

"Tafadhali, kaka," Bi Shirin akaniambia, "mwache ajibu mwenyewe."

Alipomaliza aliinuka akatoa funguo za gari. Gari alikuwa ameliacha kando ya barabara kuu, kwa maana vichochoro vya pale haviingiliki. Hapo nikakumbuka kwamba kwetu mgeni huelezwa mambo anaposindikizwa.

"Mwakio na mimi tutakusindikiza," nikamwambia. "Tutembee polepole."

"Nimeshamaliza, na nina miadi."

"Hujamaliza. Umepewa salamu tu."

Akatoka nasi, akienda kwa mwendo wetu.

Tulipita sokoni, Mwakio amembebea mkoba. Tulipoanza kusikia magari ya Waiyaki Way, akasimama.

"Madam, kuna kitu sikukuambia. Hii maneno ya kikombe."

"Kikombe gani?"

"Majirani wakinipatia chai, wananiwekea kwa mkebe wangu. Wanauweka nje, hakuna mwingine anaugusa. Kule Woodley tunakunywa kwa kikombe yoyote. Nikitoka huko Ijumaa, mpaka Jumatatu sijaongea na mtu. Na usingizi, sipati."

"Mbona hukusema ndani?"

"Ndani ulikuwa umekuja. Saa hii unaenda."

Bi Shirin alisahau miadi yake. Akamuuliza tena tangu mwanzo, palepale kando ya barabara, malori yakinguruma hadi Mwakio akawa anajibu kwa sauti kubwa. Mama mmoja muuza nyanya akasikiliza, akasema, "Mkimaliza huyo mniulize na mimi. Niko na majibu mengi."

Mwakio akacheka. Swali la kuridhika lilipofika tena, akafikiri. "Hapa, hapana. Kwa karakana, ndiyo."

"Siamui peke yangu," Bi Shirin alisema akifungua gari. "Lakini haya ndiyo nitakayopeleka. Na wale niliowahoji wiki iliyopita, itabidi niwarudie."

Niliapa sitoki Nairobi bila jibu. Nikalala chumbani kwa Mwakio, nikinywa chai kwa mkebe wake mbele ya majirani, hadi habari zilipokuja: amebaki karakanani.

Sasa nimerudi Voi, na ninyi wa nyumbani mnaniuliza nimejifunza nini huko. Juzi nilimpigia simu.

"U mzima?"

"Mzima."

"Kazi?"

"Poa."

Zamani ningeaga hapo. Safari hii nilinyamaza, simu sikioni, muda ukipita, hadi nikamsikia anavuta pumzi.

"Lakini, kaka," akasema.